Gari Likigonga Wakati wa Majaribio, Nani Analipa?

Gari limemgonga bodaboda kwenye kipilefti. Aliyekuwa kwenye usukani si mwenye gari, ni mteja aliyekuja kulitazama. Kiti cha mbele cha abiria amekaa dalali. Mwenye gari yuko Mbeya. Kadi na ufunguo amemwachia shemeji yake Dar es Salaam. Mteja anasema breki zilichelewa kushika. Dalali anasema yeye ni mtu wa kati tu. Shemeji anasema hakuwepo. Na kwenye simu mwenye gari anatoa hukumu ambayo wengi wangeitoa: aliyegonga ndiye alipe.

Mfano huu nimeutunga, lakini hukumu ya mwenye gari sikuitunga. Ndiyo imani iliyotanda kwenye yadi za magari ya mtumba, Dar es Salaam hadi Nairobi. Ina ukweli ndani yake, ila ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayomkuta mtu akiwa amekaa nyumbani anasubiri pesa ya gari, badala yake analetewa hati ya madai.

Kutesti gari, kama wanavyosema vijana wa yadi, hakuna kifungu chake maalumu. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973, Sura ya 168, haisemi nani alipe mnunuzi akigonga. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, nayo iko kimya. Jibu hukusanywa huku na huko: katika kanuni za uzembe tulizorithi kwa Waingereza, katika sheria za bima ya lazima, katika sheria ya mauziano ya bidhaa, na katika maneno machache ambayo muuzaji na mnunuzi waliambiana kabla ufunguo haujabadilisha mikono, kama waliambiana lolote. Ukivisoma vyote pamoja unaona jambo moja: sheria imemfikiria sana yule bodaboda. Wale wawili wanaopatana bei imewaacha karibu bila nguo.

Tuanze na dereva, maana kwake hakuna utata mkubwa. Mtu anayeliendesha gari asilolijua anatakiwa kuwa na uangalifu uleule wa dereva wa kawaida mwenye ujuzi. "Sikulizoea" si utetezi. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ililisema hilo mwaka 1971 katika kesi ya Nettleship dhidi ya Weston, ambapo hata mwanafunzi wa udereva alipimwa kwa kipimo cha dereva aliyekwisha kuiva. Mnunuzi anayekanyaga mafuta badala ya breki kwa sababu gari ni otomatiki naye kazoea la gia za mkono, huyo ni mzembe machoni pa sheria, hata kama roho yake ni safi. Kwa upande wa jinai ndiyo kabisa: trafiki humshtaki aliyekuwa akiendesha. Nchini Kenya, kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinaifanya hukumu ya jinai isiyokatiwa rufaa kuwa ushahidi wa mwisho kwamba kosa lilitendeka. Kwa hiyo mtu anayekiri kosa mbele ya hakimu wa trafiki ili alipe faini aende zake, mara nyingi huwa ameshaifunga nusu ya kesi ya madai itakayokuja baadaye.

Ila wakili wa bodaboda hatafuti mkosaji tu. Anatafuta mwenye uwezo wa kulipa. Na hapo macho yake yanahama kutoka kwenye usukani yanakwenda kwenye kadi ya gari.

Gari lilikuwa kwenye shughuli ya nani?

Kanuni ya msingi ni kwamba kumiliki gari peke yake hakumfanyi mtu awajibike kwa kila anayeliendesha. Kinachomfunga mwenye gari ni kuwa dereva alikuwa mfanyakazi wake, au alikuwa akiendesha kwa niaba yake na kwa shughuli yake. Kesi mbili za Uingereza zinaweka mipaka. Mwaka 1953, katika Ormrod dhidi ya Crosville Motor Services, mwenye gari alimwomba rafiki yake ampelekee gari Monte Carlo. Safari hiyo ilikuwa na faida kwa wote wawili, na mwenye gari akawajibika kwa ajali aliyoipata rafiki. Mwaka 1972 ikaja Morgans dhidi ya Launchbury. Mume alichukua gari la mkewe kwenda kunywa, akampa mtu mwingine aliendeshe, na ajali ikatokea. Majaji wa Baraza la Mabwana, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa ya Uingereza, wakasema mke hawajibiki: kuruhusu gari litumike si sawa na kumtuma mtu.

Huku kwetu kuna nyongeza inayombana mwenye gari zaidi. Mwaka 1969 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika Karisa dhidi ya Solanki, ilikubali kwamba ikishathibitika gari la mtu limeleta madhara kwa uzembe, inadhaniwa kuwa lilikuwa likiendeshwa na mtu ambaye mwenye gari anawajibika kwa uzembe wake. Dhana hiyo inaweza kuvunjwa kwa ushahidi, lakini wa kuivunja ni mwenye gari. Kenya nayo, katika kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki, inamchukulia aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitike vinginevyo. Kwa hiyo ndugu yetu wa Mbeya anaanza kesi akiwa nyuma. Yeye ndiye anayepaswa kueleza gari lake lilikuwa likifanya nini pale kwenye kipilefti.

Na kwa kweli lilikuwa likifanya nini? Hapa ndipo majaribio yanapotofautiana na gari la kuazima. Anayeazima gari aende harusini ana shughuli yake mwenyewe. Anayetesti gari ana shughuli yake, kupima anachotaka kununua, lakini papo hapo anatimiza shughuli ya muuzaji, maana hakuna anayetoa milioni zake bila kulisikia gari likitembea. Muuzaji anautoa ufunguo kwa sababu anataka kuuza. Kwa mantiki ya Monte Carlo, safari ni ya wote wawili.

Kuna kesi ya zamani iliyoligusa jambo hili lenyewe, na nashangaa haitajwi sana kwetu. Ni Samson dhidi ya Aitchison, iliyotoka New Zealand ikaamuliwa London na Privy Council mwaka 1912, enzi ambazo gari lilikuwa bado kitu cha kukimbiliwa na watoto. Mwenye gari alitaka kuliuza. Usukani akampa mtoto wa mama aliyekuwa akifikiria kulinunua, yeye mwenyewe akiwa amekaa humohumo ndani. Kijana akaendesha vibaya, mtu akaumia. Mwenye gari akajitetea kuwa hakuendesha yeye. Majaji wakaukataa utetezi huo: mwenye gari aliyemo ndani ya gari lake bado ana mamlaka ya kusema "punguza mwendo", "simama", "nipishe nikae mimi". Kama hakuyaachia mamlaka hayo kwa makubaliano, anabaki nayo, na akibaki nayo anawajibika. Privy Council hiyohiyo ndiyo iliyokuwa kituo cha mwisho cha rufaa za Kenya na Tanganyika wakati wa ukoloni. Ni vigumu kuona kwa nini jaji wa Nairobi au Dar es Salaam leo aipinge hoja hiyo.

Matokeo yake yanachekesha kidogo. Muuzaji makini, yule anayeingia kwenye gari na mteja ili amchunge, ndiye anayejifunga kwa urahisi zaidi. Yule anayerusha ufunguo na kurudi kwenye chai yake ana nafasi ya kubisha. Lakini asifurahi mapema. Akimpa gari mtu asiye na leseni, au anayenuka pombe, au ambaye mwenyewe amesema hajaendesha mwaka mzima, atashtakiwa kwa uzembe wake mwenyewe wa kukabidhi chombo cha hatari kwa mtu asiyefaa. Na akijua breki ni mbovu akanyamaza ili asiharibu biashara, hapo hata lile neno la mteja kwamba breki zilichelewa linapata uzito. Mahakama inaweza kugawa lawama, sehemu kwa dereva na sehemu, pengine kubwa zaidi, kwa aliyeficha ubovu.

Kwa yadi mambo ni mepesi zaidi kuyaamua. Kijana wa mauzo ni mfanyakazi, kumzungusha mteja ndiyo kazi yake, na uzembe wake ni wa mwajiri. Mteja akiendesha huku kijana yumo ndani, sioni yadi itatokea mlango gani. Dalali wa mtaani ndiye mgumu. Hana mkataba wa maandishi wala mshahara, anasubiri cha juu tu. Hata hivyo kama mwenye gari alimpa ufunguo amtafutie wateja, amemfanya wakala wake kwa jambo hilo, na kwa maoni yangu alichokifanya dalali ndani ya kazi hiyo amekifanya mwenye gari. Shemeji hali kadhalika.

Lubumbashi, Goma na Bujumbura, ambako magari mengi hufika kwa kupitia bandari ya Dar es Salaam, swali huulizwa kwa namna nyingine. Kongo na Burundi zilirithi sheria ya madai ya Kibelgiji, na dekrii ya Kongo ya mwaka 1888 inamwajibisha mtu kwa madhara ya kitu kilicho chini ya ulinzi wake. Mahakama ya Juu ya Ufaransa, yenye kanuni ya namna hiyohiyo, katika uamuzi maarufu wa mwaka 1941 kuhusu gari lililoibwa, ilieleza ulinzi huo kuwa ni kukitumia kitu, kukielekeza na kukidhibiti. Hatuulizi tena gari lilikuwa kwenye shughuli ya nani, tunauliza nani alikuwa akilitawala dakika ile. Muuzaji akiwa ndani, jibu linamwelemea. Mteja akiwa ameondoka nalo peke yake, linamwelemea mteja. Njia ni tofauti, lakini mwisho hazikuachana sana.

Karatasi ya bima

Hayo yote ni ya mahakamani. Kwenye maisha, anayelipa kwanza ni bima, au ndiyo inayotakiwa kulipa, na hapa ndipo ningemwomba msomaji atulie kidogo.

Tanzania ina Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169. Kenya ina Sura ya 405. Zote mbili ni za miaka ya 1940 na zimefuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1930, ndiyo maana zinafanana kama mapacha. Zinakataza mtu kutumia gari barabarani, au kumruhusu mwingine alitumie, bila bima ya madhara kwa mtu wa tatu. Tazama neno kuruhusu. Uingereza mahakama iliamua katika Monk dhidi ya Warbey, kesi iliyoripotiwa mwaka 1935, kwamba mwenye gari anayemruhusu mtu asiye na bima aliendeshe anaweza kudaiwa fidia na aliyeumia kwa sababu hiyo peke yake, hata kama uzembe wa barabarani haukuwa wake. Mwenye gari anayemwambia mteja "zunguka nalo tu hapo karibu, bima imeisha juzi" amejitwisha mzigo wa ajali nzima kabla injini haijawaka.

Kama bima ipo, swali linalofuata ni kama inamjua aliyeshika usukani. Mikataba mingi ya gari la binafsi inamkubali dereva yeyote mwenye leseni anayeendesha kwa ruhusa ya mwenye bima. Mnunuzi anaingia hapo bila shida. Kwa hiyo mtu anayeuza gari lake mwenyewe nyumbani kwake, lenye bima hai, na kumpa mteja mwenye leseni, amesimama pazuri kuliko anavyodhani. Bodaboda wetu atalipwa na kampuni ya bima.

Sasa lipeleke gari lilelile yadi. Nchi zote mbili watu wengi wanafanya hivyo: unaliacha gari kwa mwenye yadi, analiweka mstari wa mbele, likiuzwa anakata chake. Fungua mkataba wa bima, nenda kwenye aya ya matumizi. Baada ya kusema gari litatumika kwa mambo ya nyumbani na starehe, aya hiyo kwa kawaida inaendelea kutaja yasiyoruhusiwa: kukodisha, mashindano ya mbio, kupima mwendo, na mwishoni kabisa, matumizi yoyote yanayohusiana na biashara ya magari. Maneno hayo ya mwisho ni machache na watu huyaruka. Siku ya ajali, kampuni ya bima haitayaruka. Itasema gari lilikuwa yadi, lilikuwa likioneshwa kwa mteja na mfanyabiashara wa magari, hivyo lilikuwa nje ya bima.

Je, hoja hiyo inaweza kumshinda hata bodaboda aliyevunjika mguu? Sheria ya Kenya imeyanyima nguvu baadhi ya masharti ya bima dhidi ya mtu wa tatu, kama vile yale ya umri wa dereva, hali ya gari au idadi ya abiria. Kampuni haiwezi kujificha nyuma ya hayo. Italipa, kisha itamdai mteja wake. Lakini shabaha ya matumizi haimo kwenye orodha hiyo. Mwanya ni huo, na ni mpana. Yadi inayojiheshimu ina bima ya wafanyabiashara wa magari inayoyafunika magari yote yaliyo mikononi mwake yakiwa barabarani. Isiyo nayo inaendesha biashara yake kwa bima za watu walioacha magari pale, bima ambazo ziliandikwa kukataa biashara hiyohiyo. Mimi hili naliona ni kosa la yadi kabisa, si bahati mbaya.

Vilevile gari lililoshuka melini juzi. Kenya ina nambari za KD ambazo wauza magari hupewa ili waweze kuyasogeza magari yasiyosajiliwa bado. Nambari hizo zina masharti yake, na bango la KD peke yake si bima. Mteja anayeona KD aulize cheti cha bima kinachoambatana nalo kinasema nini.

Tatizo jingine liko kwenye viti vya abiria. Sheria ya bima ya lazima, Kenya na Tanzania, haishurutishi bima kumfunika abiria wa gari la binafsi asiyelipa nauli na asiyesafiri kwa sababu ya ajira yake. Dalali aliyekaa mbele, mke wa mnunuzi aliyekaa nyuma kusikilizia viti, fundi aliyeletwa asikilize injini: wote hao wako kwenye pengo, isipokuwa kama mwenye gari aliwaongeza kwenye bima yake. Wakiumia wana haki ya kumdai dereva, na pengine mwenye gari, lakini si lazima wawe na kampuni ya bima ya kuikimbilia. Mtembea kwa miguu aliyekuwa akivuka barabara ana ulinzi kuliko mwanamke aliyekuwa akichagua gari lake mwenyewe.

Na hata bima inapolipa ina dari. Kenya, tangu mabadiliko ya mwaka 2006, kampuni ya bima hailazimiki kulipa zaidi ya shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja. Mahakama ikitoa fidia ya milioni 7 kwa kijana aliyevunjika uti wa mgongo, milioni 4 zinatafutwa kwa waliohukumiwa, na tumeshaona mwenye gari anaweza kuwa mmoja wao.

"Umelivunja, sasa ni lako"

Bado hatujaligusa gari lenyewe. Bampa limepasuka, taa imevunjika, boneti imekunjika. Bima ndogo hailipi hayo. Inawahusu wengine, si gari lililokatiwa bima. Mwenye bima kubwa atalipwa, baada ya kukatwa sehemu anayobeba mwenyewe, na kampuni inaweza baadaye kumgeukia mteja aliyegonga. Asiye nayo hubaki akitazamana na mteja.

Sentensi inayotoka hapo kwa muuzaji ni kwamba mteja amelivunja, basi alinunue. Wapo wanaozuiwa kuondoka mpaka waandike hati ya deni ya bei nzima. Sheria haisemi hivyo. Kugonga gari si kukubali kulinunua. Kwa sheria ya mauziano ya bidhaa, Sura ya 214 Tanzania na Sura ya 31 Kenya, hasara ya kitu hubaki kwa muuzaji mpaka umiliki uhame, isipokuwa wenyewe wamekubaliana vingine. Mteja mzembe anadaiwa gharama ya matengenezo na thamani iliyopungua. Gari la milioni 12 lililoharibika bampa na taa halimfanyi mtu adaiwe milioni 12.

Ila kuna hali inayobadilisha hesabu, nayo ni ile ya "kaa nalo mpaka Jumatatu". Hiyo ni karibu na mauziano ya kukabidhiwa ili uridhie, ambayo sheria hizo zinayatambua. Ukipewa gari kwa muda maalumu ukapitisha muda huo bila kulirudisha wala kusema hulitaki, unahesabiwa umelinunua. Ukilichukulia kama lako, tuseme umebadilisha redio na kupaka rangi upya, ni hivyohivyo. Na hata kabla ya hapo, aliyeondoka na gari la mtu ni mwenye kukabidhiwa amana: likirudi limeharibika, yeye ndiye wa kueleza kwamba halikuharibika kwa uzembe wake. Ninamshauri yeyote anayelipeleka gari kwa fundi wake aandike saa ya kuchukua na saa ya kurudisha, hata kama ni kwa ujumbe wa WhatsApp. Ujumbe huo una thamani kuliko mashahidi watatu.

Ujerumani majaji waliliziba pengo hili wenyewe. Tangu miaka ya 1970 Mahakama ya Shirikisho iliyoko Karlsruhe imekuwa ikisema kwamba mteja anayejaribu gari la mfanyabiashara hawajibiki kwa kosa dogo la kawaida linalotokana na hatari za majaribio. Hulipa tu akifanya uzembe uliokithiri au akikusudia. Sababu yao ni ya kibiashara: mteja anaendesha gari asilolizoea kwa faida ya muuzaji, na muuzaji ndiye mwenye nafasi ya kulikatia bima kubwa mapema. Lakini muuzaji binafsi, mwalimu anayeuza gari lake moja, hawakumtwisha mzigo huo. Kwake mteja hulipa hata kosa dogo. Mahakama hiyohiyo haikuwaonea huruma wafanyabiashara mwaka 2020, pale yadi ilipompa mtu Mercedes alijaribu kwa saa moja bila kusindikizwa. Vitambulisho vyake vilikuwa vya bandia, akatokomea nalo, akaliuza. Mahakama ikasema yadi ililitoa gari kwa hiari yake, halikupotea wala kuporwa, hivyo aliyelinunua kwa nia njema akabaki nalo.

Sijaona hapa kwetu hukumu iliyouchukua msimamo huo wa Wajerumani, na ningependa kuiona. Sababu zao zinaikaa yadi ya Dar es Salaam au ya Nairobi sawasawa. Yadi ina magari thelathini, ina wateja kila siku, inajua kabisa kwamba kuna siku mmoja wao atakwangua nguzo. Mteja hajui hilo na hana bima anayoweza kuikata kwa dakika 15. Mzigo apewe anayeweza kuupanga.

Badala yake yadi nyingine zimeona zimalize mambo kwa fomu. Mteja anasaini kwamba yeye ndiye atakayewajibika kwa ajali yoyote. Fomu hiyo ina nguvu kiasi kati ya waliosaini, ingawa mahakama inaweza kuikwaza kama ilikuwa ya dhuluma au kama yadi yenyewe ilificha ubovu. Lakini bodaboda hakusaini. Fomu haiwezi kumwondolea haki ya kuidai yadi, wala haiwezi kumrudishia mwenye yadi bima aliyoipuuza. Fomu iliyo bora ni fupi: jina la mteja, nambari ya leseni, saa ya kutoka, njia watakayopita, bima gani inalifunika gari, na nani atabeba ile sehemu ambayo bima hailipi. Hakuna haja ya wakili kuiandika.

Ajali ikishatokea, gharama nyingi huongezwa na watu wanaojaribu kumalizana palepale barabarani. Mteja anatoa laki mbili, bodaboda anaondoka akichechemea, wiki mbili baadaye anarudi na picha ya mguu uliovunjika. Kenya sheria inataka ajali yenye majeruhi ipelekwe polisi ndani ya saa 24. Tanzania aliyeumia anahitaji fomu ya polisi ya PF3 ili matibabu yake yawe ushahidi. Gari lisipelekwe gereji kabla halijakaguliwa na polisi, maana ukaguzi huo ndio utakaosema kama breki zilikuwa nzima, na hilo peke yake linaweza kuhamisha mzigo kutoka kwa mteja kwenda kwa muuzaji. Kampuni ya bima ijulishwe siku hiyohiyo, hata na yule anayeamini hana kosa. Mteja mwenye gari lake jingine nyumbani afungue na mkataba wake mwenyewe: baadhi ya bima humfunika mwenye bima anapoendesha gari lisilo lake.

Kuna mamlaka zinazoweza kuufunga mwanya wa yadi bila kusubiri jaji. TIRA kwa Tanzania na IRA kwa Kenya zinasimamia maneno ya mikataba ya bima. Zinaweza kuagiza kwamba lile katazo la biashara ya magari lisitumike dhidi ya mtu wa tatu aliyeumia, kampuni ilipe kwanza kisha imdai mwenye yadi. Wanaotoa leseni za yadi nao wanaweza kuifanya bima ya wafanyabiashara wa magari kuwa sharti la leseni. Hayo si mapinduzi, ni mistari miwili ya maagizo.

Wakati hayo hayajafanyika, mnunuzi anayo simu mfukoni. Tanzania uhai wa stika ya bima unaangaliwa kwenye mfumo wa TIRA kwa nambari ya gari, na Kenya vyeti vya bima ni vya kidijitali. Iangalie kabla hujapokea ufunguo, uliza gari ni la yadi au limeachwa na mtu, na kama jibu linazungukazunguka, mwambie muuzaji aendeshe yeye nawe ukae pembeni usikilize injini. Bodaboda naye, au familia yake, asikawie: Kenya na Tanzania, dai la madhara ya uzembe lina miaka 3 tangu siku ya ajali, na miaka hiyo huanza kuhesabiwa wakati wenye gari bado wanabishana nani alikuwa kwenye usukani.